Redio za Kisumu

Kibuli, Kampala
Shawali, Oktoba 1976

Kwa dada yangu Kulthum,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wanao Maimunah na Nasser, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa mvua kiwe kimepoa. Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya siku zenyewe. Rahima anakusalimu sana. Mguu wake umepona, ila analalamika kwamba tangu sukari ipotee madukani, chai anayokunywa ni kama maji ya kusuuzia kikombe. Binti yetu Hindu ameanza juzuu ya pili, na sauti yake imeshika sauti ya marehemu mama kabisa. Ukimsikia akisoma asubuhi utageuka kumtafuta mama mlangoni.

Barua zako zote nimezipata, hata hii ya mwisho uliyompa Séraphine, yule mama wa Kizaire anayeuza vitenge soko la Owino. Na hii yangu ataileta yeye mwenyewe, akiwa ameikunja katikati ya vitenge vyake. Sikuthubutu kuipeleka posta, kwa maana huku barua husomwa na watu wasioandikiwa kabla haijamfikia mwenyewe. Isome ukiwa peke yako, dada, na ukiisha uitie jikoni. Séraphine hajui yaliyomo. Nimemwambia ni habari za mirathi, akacheka akasema mirathi ndiyo vita vya Waislamu.

Umeniuliza kwa uchungu kama ni kweli wanavyosema hapo Kisumu, kwamba Jafar amepitiliza hadi Bukavu, Zaire, na kuoa huko. La, dada. Mumeo hajaoa Bukavu wala popote. Jafar yu hai na yuko hapa hapa Kampala, amefungwa katika kambi moja ya jeshi, na mimi nimelijua hilo tangu siku aliyochukuliwa. Nilipokuandikia kwamba nilimpandisha basi la kurudi Kisumu kwa mkono wangu, niliongopa. Na yale maneno ya Bukavu yaliponifikia, niliyaacha yatembee, kwa sababu mke aliyekasirika haulizi sana kama mke mwenye hofu. Sasa nakuomba, kama umesimama, kaa chini. Usiichane barua hii kabla hujafika mwisho, kwa maana kumtoa bado kunawezekana, na njia yenyewe utaiona huko mbele.

Niache nianzie mbali kidogo, nikianzia karibu nitashindwa.

Unakumbuka mwaka ule Wahindi walipofukuzwa nikapewa duka la redio karibu na Owino. Watu hapa Kibuli walidhani nilihonga. Sikuhonga chochote, dada, nilipewa kwa ajili ya ulimi. Tulikuwa tumepanga foleni mbele ya kamati ya wanajeshi, wenzangu wanajieleza kwa Kiingereza na Kiganda, na askari wetu ukiwasemesha Kiingereza wanaona unawadharau. Ilipofika zamu yangu nikafungua Kiswahili chetu cha nyumbani, kile cha baba, chenye tafadhali na hisani yako na uniwie radhi. Meja aliyekuwa akiongoza kamati akacheka kwa raha mpaka akagonga meza. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kambini, kwamba mimi niko mtu yao. Basi nikatoka na funguo. Tangu siku hiyo majirani wakaniita mafuta mingi, yaani tajiri aliyenona ghafla, na wallahi jina lenyewe nililipenda.

Redio nilizouza hazikuwa zangu, zilikuwa za mumeo. Ninamwandikia nani tena, wewe uliyefagia maranda ya mbao zake? Zile redio za Kisumu, sanduku la mvule lililopigwa vanishi, bendi tatu, vipuri vya Japani vilivyolehemiwa na Jafar mwenyewe huku akipuliza moshi pembeni. Enzi hizo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa bado Jumuiya kweli, mali inatoka kwenu hadi kwetu hadi Dar es Salaam na kodi yake ni ya kuonja tu. Mimi nilikula, Jafar alikula, na mnunuzi alikwenda kwake anaimba.

Kisha wakubwa wakauliza kwa nini fedha ya Uganda iende kununua redio Kenya. Wakasema tutaunga redio zetu wenyewe hapa Kampala, na Meja akaniweka mimi kuwa mkuu wa karakana. Sitakuficha, hoja ile iliniingia akilini na hata leo sijaona kosa lake. Viwanda vya Nairobi vimeshiba, sisi tunanunua kwao kuanzia msumari hadi sabuni. Mjapani anawauzia wao, wao wanatuuzia sisi, sisi tumuuzie nani? Mtoto anayejifunza kutembea hashindanishwi mbio na mtu mzima. Jafar mwenyewe alikubaliana nami. Yeye naye alikuwa na kilio chake, kwamba makampuni makubwa ya Nairobi yana kibali cha kuingiza vipuri bila ushuru, na yeye fundi mdogo wa Kisumu analipia hata waya. Akapanda basi akaja, akakaa nami karibu mwezi mzima akiwafundisha watu wangu kulehemu, akaniachia na vifaa vyake. Alipokuwa akiondoka alinishauri mimi niunge redio ndogo za bendi moja, yeye aendelee na kubwa, kisha kila mmoja amuuzie mwenzake. Sijawahi kupewa shauri jema la biashara kama lile. Nililicheka. Nilitaka niwe jogoo peke yangu uwanjani.

Basi sikiliza jogoo alivyowika. Redio zetu zilikuwa za plastiki inayojikunja juani, bendi moja, na sauti ya mtu anayesemea ndani ya chungu. Vipuri vilichelewa kwa kukosa fedha za kigeni, na vilipofika, nusu havipo. Wachuuzi wa Owino walizirudisha. Mteja aliingia dukani, akaisifu Uganda kwa sauti kubwa, asije akawa anasikilizwa, kisha akainama na kuniuliza kwa kunong'ona kama sina ya Kisumu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nacho changu kilitembezwa mpaka Masaka, kikatembezwa mpaka Soroti, kikarudi kimechoka.

Tukaomba kulindwa. Kwanza kodi ya pale mpakani Malaba ikapandishwa. Jafar akapunguza faida yake na watu wakaendelea kununua. Vikaja vibali, kila mfanyabiashara na redio zake chache. Watu wakaazimana vibali. Kisha ikatungwa kanuni kwamba redio yoyote ya nje lazima ipimwe ubora na karakana yetu na kupigwa muhuri, na mpimaji, dada, ni mimi. Mimi niliyeuza redio ya chungu nikakaa kuhukumu ubora wa redio za mvule! Niliziweka rafuni wiki baada ya wiki, zikiulizwa nasema bado zinachunguzwa. Jafar aliniandikia kwa utani akitaka kujua kama redio Uganda hupimwa kama mahujaji wanaopanda meli. Nilimjibu nikailaumu wizara. Hilo nalo liweke kwenye hesabu yangu, lakini si lenyewe ninalokuandikia.

Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, ikatoka amri ya kijeshi. Ilitoka ofisini tu, haikutangazwa. Ilisema redio za nje zenye bendi tatu si biashara tena bali ni hatari, zinamsaidia adui, na anayeziuza ni mhujumu uchumi na jasusi. Meja aliniita akanionya nisiitamke kwa mtu, kwa kuwa walitaka kwanza waone nani anazileta na nani anazinunua. Amri ile ilivyozaliwa nitakueleza, nipe nafasi.

Ndipo ikaja barua ya Jafar, kwamba anakuja mwenyewe na mzigo wa Idi, kwa kuwa watu hununua redio siku za Idi. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na Séraphine aliyekuwa akivuka mpaka wiki hiyo hiyo. Ningeandika neno moja tu, usije. Lakini ningemwambia usije, angeniuliza kwa nini, na hiyo kwa nini niliiogopa. Nikajidanganya kwamba hawataanza kukamata mtu kabla ya Idi. Nikamjibu kwa salamu, nikamwomba atuletee sabuni na sukari. Ndivyo nilivyoandika, dada. Sabuni na sukari.

Akaja, na sabuni akaileta. Rahima aliibusu kipande kwa kipande. Kodi yake ya Malaba alikuwa ameilipa na stakabadhi anayo. Tulifuturu pamoja, akala tambi za Rahima mpaka akafungua mkanda, akanitania kwamba redio yangu haisemi mpaka iombwe msamaha. Tulicheka sana usiku ule. Nilikuwa nao usiku mzima wa kumwambia, nikalala.

Kesho yake akaenda Owino na magunia yake, na redio hazikukaa, unajua mwenyewe. Adhuhuri akaja dukani kwangu na zilizobaki, akitaka niziweke mpaka jioni. Hajatua hata gunia, wakaingia watu watatu wa miwani myeusi. Walikuwa wamemfuata tangu sokoni. Wakauliza duka la nani, redio za nani, na kama sisi wawili tunajuana.

Kabla sijameza mate, Jafar akajibu. Akasema redio ni zake, na mwenye duka hamjui hata kwa sura. Alikuwa amepita kuuliza bei ya betri, akajaribu kumuuzia redio, na mwenye duka amemfukuza akisema hagusi mali ya nje. Akayasema hayo kwa Kiswahili kibovu cha mpita njia, yeye mtoto wa watu wa Mombasa, ili hata lafudhi zetu zisifanane. Wakanigeukia mimi, wakaniuliza kama ndivyo. Nikasema ndivyo. Nikasema simjui.

Alipokuwa akipandishwa garini alinipa mgongo. Alifanya makusudi, nilimwelewa, alichelea tusitazamane uso wangu ukanisaliti. Mumeo aliona anamwokoa shemeji yake asiye na hatia. Aliona akitaja undugu tutakwenda wawili, na watoto wako na mtoto wangu wabaki bila mtu. Lo, dada, mtu yule! Na mimi nilisimama nyuma ya kaunta nikimwacha aniokoe.

Baada ya Idi nilikwenda kwa Meja. Nikajifanya nimetumwa na jamaa wa mteja wangu, nikamuuliza Mkenya yule aliyekamatwa na redio ana kesi gani na atatokaje. Meja aliniagizia chai, ikaja na sukari tele. Akanieleza taratibu, kama mtu anayefurahia chakula, kwamba faili ya Mkenya yule haina kitu isipokuwa maneno ya mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini aliyewaarifu kwamba redio za Kisumu huletwa ili watu wasikilize maadui. Mfanyabiashara huyo akija akasema kwa kinywa chake kwamba aliongopa, faili itakuwa tupu na Mkenya atakwenda kwao. Lakini huyo naye atakuwa amelidanganya jeshi, na kiti cha Mkenya hakitakaa wazi. Akaniongezea sukari, akaniuliza kama namfahamu mfanyabiashara huyo. Alikuwa akicheka.

Dada Kulthum, mfanyabiashara huyo ni mimi.

Ilikuwa kwenye kikao, mwezi wa Rajabu. Karakana ilikuwa inakula fedha na redio zimejaa ghala, na Meja akataka kujua ni nani anayemhujumu. Katika vikao hivyo mtu haulizwi mara mbili. Macho yote yakaja kwangu, na mimi nikaogopa. Kilichonitoka kinywani kilikuwa maneno ya sokoni. Unakumbuka baba alivyokuwa akiponda vitambaa vya Mzee Tajudin wa duka la jirani? Kwamba havivumilii hata maji ya kwanza, kwamba vinaleta upele, kwamba anayevivaa ataachwa na mkewe? Mzee Tajudin naye akisema mchele wa baba una mawe ya kutosha kujengea msikiti. Mnunuzi anacheka, anapunguziwa bei, na alasiri wazee wanakunywa kahawa kwenye kikombe kimoja. Kuponda mali ya mwenzako ndiyo lugha ya biashara tuliyolelewa nayo, na hakuna mtu aliyewahi kulala ndani kwa ajili yake.

Basi nami nikaponda. Nikasema tatizo si redio zetu, redio zetu ni safi, tatizo ni hizi za Kisumu zinazoingia. Nikasema mnadhani watu wanazipendea mbao? Wanapendea hiyo bendi ya tatu, wakafunge milango wasikilize nchi za nje zikiisema serikali. Nikasema anayezileta anajua anachokileta. Nikapamba, unanijua nikishaanza, nikatia na methali. Nilidhani watacheka, wafunge mpaka kwa redio za nje, Jafar auze kwao Kenya na mimi nipumue. Lakini pale hapakuwa na mnunuzi. Palikuwa na mwanajeshi, na mwanajeshi hakucheka. Aliniambia nirudie polepole, karani aandike. Na mimi nikarudia, dada. Mara ya kwanza ulikuwa mdomo. Mara ya pili nilikuwa naona karani anaandika, nilikuwa najua redio hizo zina mwenyewe mmoja tu duniani, na bado nikarudia.

Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mwingine, na changu bado kipo, kinavaa kofia, kinakwenda msikitini. Nasimama safu ya mbele. Watu wananipa mkono, wananipa pole kwa shemeji aliyepotea njiani, na mimi napokea. Naona haya kukuomba msamaha, kwa hiyo sikuombi. Wewe uliyenilea mama alipofariki, uliyeacha shule ili mimi nisome, nimekulipa hivi.

Jafar alionekana Ijumaa iliyopita na mtu anayepeleka kuni pale kambini. Amekonda lakini anatembea, na wamemweka kurekebisha redio za maofisa. Nadhani ndiyo maana wamemwacha hai. Redio zikiisha sijui.

Tangu ile chai ya Meja nimekwisha kuvaa mara nyingi niende nikayakane maneno yangu. Hufika hadi kwenye geti la kambi nikageuka, na nikifika nyumbani huwa na sababu nzuri sana, leo Meja hayupo, leo Hindu ana homa, leo mvua. Mimi mtu wa maneno huwa sikosi sababu. Ndiyo maana nimeandika barua hii kwanza. Séraphine anaondoka alfajiri. Akishavuka Malaba utakuwa unajua, na wewe ukishajua sina tena nyumba ya kurudi kujificha, wala Kibuli wala Kisumu. Nikiona basi lake limeondoka nakwenda moja kwa moja kambini. Rahima nimemwambia jioni hii. Hakulia, alikwenda akanipigia pasi kanzu.

Kwa hiyo usije Kampala na usimtume mtu. Mngoje mumeo. Akifika, mwambie wewe mwenyewe kwamba shemeji aliyemwokoa pale dukani ndiye aliyemchongea, yeye hajui, na mimi sina uso wa kumwambia. Na wiki hii ikipita asipofika, watu watakueleza mengi. Watakwambia jeshi ni katili, watakwambia Meja alivunja ahadi, na Rahima kwa kunihurumia anaweza akakuandikia kwamba nilijaribu. Usimsikilize yeyote. Jafar asipofika, jua kwamba sikwenda.

Nisalimie Maimunah na Nasser, na majirani wote wanaoniulizia. Rahima na Hindu wanakusalimu kwa mapenzi. Mungu akulinde na akurudishie mwenzio.

Ni mimi,
Hamdun